Kibati cha Meza ya Bwana

Jumapili, 1 Desemba

Mtihani wa mwisho nimeufanya Kiomboi, nikapanda basi, na sasa nipo nyumbani Iguguno sina kazi ila kusubiri. Nasubiri matokeo, nasubiri mvua. Mama anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia: nakaa, nainuka, nazunguka nyumba, nakaa tena.

Leo baada ya ibada Mjomba Mathayo ameniita. Yeye ni kaka yake mama, na ndiye mchungaji wetu. Kanisa letu ni la matofali ya kuchoma na bati juu, na waumini wake hawajazi mabenchi. Walutheri ni wengi, Wakatoliki ni wengi, Waislamu wana msikiti wao mzuri pale barabarani. Sisi wa mafundisho ya Kalvini ni wale ambao watu huuliza, "Ninyi ni kina nani hasa?"

Mjomba amenipa kitabu cha Kiingereza ambacho wageni walimwachia: maisha na huduma ya Mchungaji Murdo Carrick, aliyehubiri katika visiwa vya Uskoti zamani hizo, wakati babu wa babu zetu hawajamwona mzungu.

"Wewe Kiingereza umeanza nacho utotoni, Singida mjini, baba yako alipokuwa hai," alisema. "Mimi nakisoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Kila Jumapili utatusomea habari za huyu mtumishi kwa Kiswahili, kabla ya mahubiri."

"Mbele, Mjomba?"

"Ulitaka nyuma?"

Nimekubali kwa sababu kukataa kunahitaji sauti.

Jumatano, 4 Desemba

Jua. Mama ameloweka mtama.

Ijumaa, 6 Desemba

Mtama umeanza kuota mikia. Mama ameutandaza chini ya magunia, utakuwa kimea cha pombe. Mama mwenyewe hanywi. Lakini hatuna ng'ombe wa kulimia, na trekta la kukodi hatuliwezi, na tangu enzi za bibi, asiye na ng'ombe hupika pombe, mvua ikinyesha anawaita majirani, wanakuja na plau zao, wanalima, wanakunywa, wanaimba, wanakwenda. Hivyo ndivyo shamba letu la alizeti limelimwa kila mwaka tangu baba afariki.

Jumapili, 8 Desemba

Nimesoma. Karatasi ilipiga kelele kuliko mimi. Kina mama wa nyuma wakasema, "Sauti, mwanangu, sauti!" Nikaongeza, ikafika labda benchi la tatu.

Lakini nimempenda Murdo. Alikuwa na haya kama mimi! Aliogopa nyuso za watu hata akahubiri akiwa amefumba macho, maisha yake yote. Nilipofika hapo nikajaribu na mimi kufumba. Nilipofumbua nikawa nimepoteza mstari, nikasimama kimya kanisa zima likinitazama.

Nje Melkizedeki, mwalimu wetu wa kwaya, akanidaka. "Editha, pale katikati ulikuwa unasali au ulisinzia?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini kwa ukame huu hata ufa wa kuingilia ni mgumu kama zege.

Alhamisi, 12 Desemba

Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaenda zake Kiomboi.

Jumapili, 15 Desemba

Leo sauti imefika benchi la tano. Najua kwa sababu Mzee Simeoni hukaa la tano, na leo aliinua kichwa.

Nilisoma jinsi Murdo alivyoilinda Meza ya Bwana. Kabla ya siku ya ushirika, yeye na wazee wa kanisa walipita nyumba kwa nyumba wakiwauliza watu hali ya roho zao. Aliyeonekana anafaa alipewa kidude kidogo cha chuma, ukubwa wa kifungo cha koti. Siku ya ushirika alikirudisha mezani ndipo akapewa mkate. Asiye nacho alibaki nje ya uzio uliozunguka meza. Nilitafsiri sura hiyo kwa raha, nikatafuta maneno yenye uzito, nikaandika "uzio wa rehema" ingawa kitabu kinasema uzio tu. Niliona jinsi watu walivyotulia. Sijawahi kuwatuliza watu mimi. Ilikuwa tamu.

Mzee Simeoni ni mzee wa kanisa na fundi mabati, hutengeneza karai, ndoo na mifereji ya maji. Aliponisalimu mkono wake ulikuwa mkavu kama ubao. "Binti, hicho ndicho tulichopoteza," akasema. "Siku hizi kila mtu anakuja mezani kama anakwenda kisimani." Macho yake yalikuwa na maji. Mdogo wake wa mwisho alikutwa amekufa mtaroni kwa ulevi, kila mtu hapa anajua. Nilimwonea huruma. Nilijiona nimefanya jambo jema.

Ijumaa, 20 Desemba

MVUA. Imepiga bati hadi hatusikilizani. Mama ametoka nje akasimama katikati ya uwanja mikono kiunoni kama anayekagua mzigo wake umefika wote.

Jumatatu, 23 Desemba

Wamekuja! Plau nne, na watu wa makanisa yote, na kijana wa msikitini aliyelima kutwa nzima kwa uji na chai. Melkizedeki ndiye aliyeongoza na maksai wake wawili, Dereva na Konda.

"Konda! Sogea! Abiria wanataka kufika!"

Mama akapita na kata ya pombe akautazama mstari wake. "Melkizedeki, mbona mtaro wako umepinda kama sauti ya tatu ya kwaya yako?"

"Umepinda kwa kiu, Mama Editha. Ninyooshee koo, utaona mtaro unanyooka wenyewe."

Watu wakacheka hadi ng'ombe wakasimama. Mimi nilikuwa nyuma nikidondosha mbegu, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi miguu yangu haikutaka kwenda mahali pengine. Jioni shamba lote lilikuwa jekundu na lenye unyevu. Mama alikaa juu ya debe tupu akasema polepole, kwa Kinyiramba, neno la kuwashukuru waliolima. Kisha akalia kidogo, na akakasirika nilipomwona.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Tumekula wali na kuku. Baada ya ibada Mzee Simeoni alisimama akatangaza kwamba wazee wa kanisa wamekaa wakakubaliana: Meza ya Bwana itakuwa Jumapili ya mwisho ya Januari, na kwa mfano wa mtumishi Murdo Carrick tutatumia vibati, mfano wa vile vidude vya chuma. Atavikata yeye mwenyewe. Watu walisema amina. Hata mama alisema amina.

Jumapili, 29 Desemba

Nimesoma. Mwenye ardhi alimnyima Murdo kiwanja cha kanisa, akahubiri ufukweni kwenye dhoruba, watu wakasimama kwenye mvua saa nzima. "Na sisi tungesimama," Melkizedeki akanong'ona, "mradi iwe baada ya kupanda."

Alizeti imeota.

Jumamosi, 4 Januari

Nimetafsiri sura ya kesho.

Kulikuwa na mjane kisiwani ambaye alipika pombe kali kwa mtambo wa kificho, akaiuza ili asifukuzwe kwenye nyumba yake. Murdo alimnyima kidude. Kitabu hakimtaji jina. Kinasema alisimama mlangoni mwa kanisa mpaka ibada ikaisha, kisha kinasema, "Hakuja tena." Basi. Sentensi inayofuata inaeleza ukarabati wa paa.

Naweza kuruka ukurasa huu. Nani atajua? Lakini Mjomba hukaa na kitabu mapajani nikisoma, kidole chake kikifuata Kiingereza, jiwe kwa jiwe. Ananiamini. Nimezunguka nyumba hadi mama akaniuliza kama nina minyoo.

Jumapili, 5 Januari

Nilisoma. Sauti ilifika hadi ukutani. Siku ambayo nilitaka isifike ndiyo ilifika.

Nilipotamka "mjane aliyepika pombe", vichwa viligeuka, kimoja kimoja, kuelekea benchi la mama. Mama alikuwa akitazama mbele. Alikuwa akinitazama mimi. Alinitikisia kichwa kidogo, kama anavyofanya nikisoma vizuri, kwa sababu alikuwa bado hajaelewa. Halafu akaelewa.

Tulipofika nyumbani akasema, "Umesoma vizuri. Wamesikia wote."

Sijui alimaanisha nini. Najua alimaanisha nini.

Jumanne, 7 Januari

Palizi. Mvua ya manyunyu.

Jumamosi, 11 Januari

Wamekuja kuuliza roho zetu, Mzee Simeoni na Mjomba. Nilitoa shikamoo, nikaweka viti, nikajibana nyuma ya mlango wa jikoni.

"Mama Editha," Mzee Simeoni alianza, "tumekuja kwa habari za roho."

"Karibuni. Roho ipo. Mwili ndio umebaki shambani."

"Mwezi uliopita ulipika pombe?"

"Nilipika. Ulitaka nilime kwa kucha?"

"Kuna njia nyingine za kulima."

"Nitajie moja, mzee. Mwakani niifuate."

Mzee Simeoni alikunja kofia yake. "Mimi sikuchukii, dada yangu. Mimi nimemwokota ndugu yangu mtaroni. Unajua alikotoka kunywa? Kwenye shamba lililolimwa vizuri."

Mama alimtazama Mjomba, yaani kaka yake, aliyekula naye chungu kimoja, na ambaye miaka ya nyuma alikuja mwenyewe kushika plau siku ya kulima. Mjomba alikuwa akitazama viatu vyake kama vimeandikwa kitu.

Jumapili, 12 Januari

Nimesoma vibaya makusudi. Hakuna aliyelalamika.

Murdo alihubiri kwamba Mungu alikwisha kuwachagua walio wake kabla ya kuiumba dunia, wala hakuangalia tendo la mtu, jema wala baya. Nimekaa na jambo hili siku nzima na linanizuia kula. Kama amekwisha kuchagua, Mzee Simeoni anachagua nini tena?

Jumamosi, 18 Januari

Vibati vimegawiwa leo kanisani. Mama alivaa kitenge cha sare ya kina mama, akajipaka mafuta, akasema, "Twende, wasije wakasema nilijihukumu mwenyewe."

Mzee Simeoni aliita majina akiwa na sahani ya bati. Aliniita mimi. Alimwita Melkizedeki, ambaye alilima kwa pombe ile, akainywa, akairudia, na aliporudi nyumbani siku ile Dereva na Konda ndio waliokuwa wakimwongoza. Melkizedeki alipokea kibati bila kuinua macho. Waliitwa wengine waliokunywa. Sahani ikabaki tupu, na mama bado amesimama, kwa sababu alikuwa amekwisha kusimama tayari.

Akaitazama ile sahani. Akalirekebisha lemba lake, akatoka. Hakuna aliyemfuata. Hata mimi sikumfuata mara moja. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya: nilibaki nimekaa hadi wimbo wa mwisho, kibati mkononi, kwa sababu kuinuka kungefanya watu wanitazame.

Kibati changu kimekatwa kwenye debe la mafuta ya alizeti. Upande mmoja kina msalaba wa tundu za msumari. Upande wa pili bado kuna petali moja ya njano, ya lile ua la kwenye debe.

Jumapili, 19 Januari

Mama hakwenda kanisani. Alisema mgongo. Nilisoma. Sijui nilisoma nini.

Jumanne, 21 Januari

Nimekisoma kitabu chote mbio mbio nikitafuta siku aliyojuta. Alizeeka. Aliugua kifua. Alilia usiku kwa ajili ya dhambi zake, na kitabu kinazitaja: kiburi, uvivu wa asubuhi, kupenda sifa. Yule mjane hayumo. Nimeangalia hadi karatasi za mwisho zilizo tupu.

Basi nimeandika mwenyewe. Katika sura ya kifo chake nimeweka sentensi zangu: "Siku moja, mvua ikinyesha, Mchungaji Murdo alikwenda hadi nyumbani kwa yule mjane. Akapiga hodi. Akasema, Dada, nimekosa." Zimekaa vizuri. Zinafanana na yeye. Jumapili nikizisoma, Mzee Simeoni atamsikiliza Murdo kama asivyomsikiliza mtu yeyote aliye hai. Na Mjomba akikosa jiwe la kukanyaga, atadhani ni Kiingereza chake.

Jumatano, 22 Januari

Nimemsomea mama, shambani, nikijifanya ni kitabu. Aliegemea jembe akasikiliza hadi mwisho, halafu akaanza kucheka. Sijamsikia akicheka tangu siku ya kulima.

"Alipiga hodi? Mzungu wa Uskoti? Hodi?"

"Ni tafsiri, mama."

"Hayo ni yake au ni yako?"

Nikakunja karatasi.

"Editha. Huyo mzee wa watu amekufa, hawezi kujitetea. Usimsingizie."

"Lakini wangekuacha, mama. Wangekupa kibati."

"Wanipe kwa ajili ya hodi ambayo haikupigwa?" Akapalilia hatua mbili, jembe likilia kwenye kokoto. "Achana nacho. Pita huku, umeacha majani."

Alhamisi, 23 Januari

Matokeo yametoka. Daraja la pili. Mama amepiga kigelegele kimoja, tumerudi kwenye palizi.

Jumamosi, 25 Januari

Nimezifuta zile sentensi. Nimeziandika upya. Nimezifuta. Karatasi imetoboka mahali hapo.

Jumapili, 26 Januari

Mvua ilianza alfajiri na haikuacha. Mama aliniambia nivae viatu vya plastiki, vile vizuri nivibebe mkononi. Yeye alibaki na kanga yake ya jikoni.

Meza ilikuwa mbele, imefunikwa kitambaa cheupe, na kando yake Mzee Simeoni na sahani yake. Nilipanda mimbarini. Nilisoma kifo cha Mchungaji Murdo Carrick kama kilivyo, bila kuongeza neno: alivyobebwa na watu kwenye jeneza kupita nyasi za kisiwa, na kila kijiji kikapokea zamu yake ya kubeba. Nilipofika mahali penye tundu nikapita. Nikafunga karatasi.

Nilipaswa kushuka. Mjomba akafunga kitabu mapajani. Mimi nikafumba macho.

"Hapo kitabu kimekwisha," nikasema. "Sasa ni mimi."

Ikawa mvua tu juu ya bati.

"Shikamoo, Mzee Simeoni. Shikamoo, Mjomba. Yule mjane, Mchungaji Murdo hakurudi kwake. Nimetafuta. Kitabu hakisemi hata jina lake. Lakini mchungaji huyo huyo alihubiri kwamba Mungu aliwachagua watu wake kabla ya dunia, wala hakuangalia tendo. Sasa mimi sielewi. Kama amekwisha kuchagua, vibati ni vya nini? Na kama ni kwa sababu ya pombe, mama aliipika, na walioinywa wamo humu, na alizeti imefika magotini, nendeni mkaione. Yeye hakunywa hata kata."

Nilifumbua macho. Nyuso zote zilikuwepo. Ni nyuso tu. Nikashuka, nikaenda hadi kwa Mzee Simeoni, nikaweka kibati changu kwenye sahani, upande wa njano juu.

"Marahaba," akasema Mzee Simeoni. Nadhani hakujua aseme nini, kikatoka hicho.

"Naomba ruhusa, mzee. Nakwenda kukaa na mama."

Nyuma yangu nilisikia kitu kingine kikidondoka kwenye sahani, na sauti ya Melkizedeki, isiyokuwa na utani: "Na changu. Mimi ndiye niliyekunywa." Sikugeuka.

Nilifika nyumbani nimelowa. Nilimsimulia mama yote. Hakunisifu. Alinipa kanga kavu, akasema, "Mbele ya watu wote, wewe?" akaendelea kuchambua maharage. Baada ya muda akauliza tena, "Wewe?"

Alikuwa anakaribia kumaliza maharage ndipo tukasikia hodi.

Nilichungulia dirishani. Alikuwa Mjomba, na joho lake la kuhubiria bado mwilini, limeloa, limeshika tope hadi magotini. Nyuma, barabarani, Mzee Simeoni amesimama chini ya mwavuli. Hakusogea karibu, wala hakuondoka.

"Nimeifunika meza, Marietha," Mjomba akasema kupitia mlango. "Sikuweza. Nimewaambia watu waende nyumbani. Hodi."

Mama hakuitika. Aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitazama, akalitupa. Huku kwetu mtu akipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa anaondoka zake, na hana haki ya kulaumu.

"Dada. Siku ile mimi ndiye ningepaswa kusema. Nilitazama viatu." Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye bati hadi begani kwake. "Hodi."

Hiyo ilikuwa ya tatu.

Mama alifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole.

"Kamfungulie mjomba wako," akaniambia. "Avue viatu, nimefagia. Na yule aliyesimama kule na mwavuli mwite naye, asije akasema nimemnyima."